Pesa ya Alfajiri

Kutoka Migori mjini hadi Muhuru Bay watu husafiri kwa Probox, na Probox ya Nyanza haijui kusema imejaa. Mimi na mama mmoja tulipewa kiti kimoja cha mbele. Alikuwa amepakata furushi la nyavu mpya za omena, wale dagaa wa ziwani, na kila gari likiruka shimo furushi lilinijia usoni na harufu yake ya dukani. Akanieleza, bila ya kuulizwa, kwamba nyavu si zake, ni za mwenye boti. Yeye katumwa tu Migori kuzinunua, na ujira wa kutumwa ni kwamba boti ikitua yeye ndiye atakayeuziwa karai la kwanza. Ziwa Victoria nilikuwa sijaliona hata kwa mbali, na tayari nimeshapewa kanuni zake.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Nimekulia jirani na wavuvi, na habari za mwenye chombo, nahodha na mabaharia wanavyogawana si ngeni kwangu. Kilichonipeleka Nyanza ni swali moja: yule asiyekuwa na chombo, wala nyavu, wala mashine, anaishi vipi kwa ziwa? Maana wengi wa tunaowaita watu wa ziwa ni hao. Nikapanga kuufuata ufuo kutoka Muhuru, mpakani na Tanzania, nipite Karungu, Sindo na Mbita, nivuke visiwani, kisha nimalizie Homa Bay ndani ya ghuba.

Njia ya Muhuru inapita Macalder, na hapo niliomba kushuka. Palikuwa na mgodi wa shaba na dhahabu uliofungwa mwaka 1966, lakini kufungwa kwa mgodi hakukuiondoa dhahabu ardhini. Wanaume wanateremka mashimoni kwa kamba, wanawake wanaponda mawe na kuyaosha. Mama mmoja alinionyesha zebaki yake, imelala ndani ya kifuniko cha chupa ya soda, inameta na kutetemeka kila alipopumua. Aliimimina kwenye karai la mchanga mweusi akaikoroga kwa vidole vitupu, kisha akaikamua kwa kitambaa hadi ikabaki punje isiyozidi punje ya mtama. Punje hiyo ingechomwa jioni ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Nikamuuliza kama hiyo ndiyo kazi yake ya siku zote. "Hapana," akasema, "mimi ni wa omena. Huku nakuja wakifunga ziwa."

Kufunga ziwa ndiko kule kusimamisha uvuvi wa omena, kwa desturi kuanzia Aprili hadi Julai, ili wazaane. Sheria ni nzuri na sababu yake ni nzuri. Ila tumbo halifungwi pamoja na ziwa. Mama huyu akizuiwa ufuoni anapanda Macalder, na maji aliyooshea mchanga yanateremka kijito kwa kijito hadi Mto Kuja, na Kuja inaingia ziwani. Kwa hiyo miezi ambayo samaki wanapumzishwa ndiyo miezi ambayo mkono wake unaongeza zebaki kwenye maji yao. Sikumwambia. Anajua mto unakokwenda kuliko mimi.

Kuja yenyewe ni mto wa nyanda za juu za Kisii, na unapofika tambarare za Nyatike hufanya unavyotaka. Mvua zikizidi huko juu, huku chini watu wanahama. Maji hayohayo ndiyo yanayomwagilia mpunga wa mradi wa Lower Kuja, kwa hiyo hapa kuna watu wanaoulaani mto mwezi huu na kuushukuru mwezi ujao. Mwaka 2020 balaa lilitoka upande wa pili: ziwa lenyewe lilipanda hadi kuvunja rekodi ya 1964, likameza vituo vya kutulia mashua, vyoo, mashamba na nyumba za ufuoni. Unapotembea ufuoni utaonyeshwa mahali majini na kuambiwa hapo palikuwa sokoni.

Muhuru nilifika jua linatua na mwezi haupo, kwa hiyo hapakuwa na mwanamume wa kazi aliyebaki barazani. Omena huvuliwa gizani. Mbalamwezi ikiwaka taa hazina nguvu, samaki hawajikusanyi, na ufuo mzima unapumzika hadi mwezi uchelewe kutoka. Mashua zilikuwa zikisukumwa majini, ndefu, za mbao, zimepakwa rangi za kung'aa na kuandikwa majina: aya za Biblia, majina ya wachezaji wa mpira, na moja imeandikwa tu "Tuliza Roho". Kila moja ilibeba watu wanne hivi, wavu wa matundu madogo, na taa zilizofungwa juu ya vyelezo vya mbao. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, zinazovuma usiku kucha na kunywa faida yote. Sasa nyingi ni taa za betri zinazochajiwa kwa jua. Wanaziacha taa zikielea mbalimbali majini, wanasubiri omena wauzunguke mwanga, kisha wanairudia taa moja moja, wanaivuta polepole na kuuzungushia wavu. Usiku ukishakomaa, ukisimama ufuoni, ziwa linaonekana lina mji wake huko mbele, una taa za barabarani.

Nilimkuta mzee mmoja akikarabati mashua na nikamwamkia "shikamoo" kwa mazoea yetu. Akanijibu "mzuri sana" na kuendelea kugonga msumari. Baadaye alinicheka, akasema wao wamezoea kupeana mkono. Alikuwa amevua miaka mingi, na hajawahi kuwa na chombo. Nikamwomba anifanyie hesabu ya usiku mmoja. Kwanza inatolewa gharama: petroli ya mashine, taa, chakula cha mabaharia, ada ya BMU. BMU ni zile kamati za ufuo zilizopewa nguvu ya sheria mwaka 2007, zenye kuandikisha mashua na kusimamia mnada. Kinachobaki kinakatwa mafungu: la mwenye boti, la mashine, la wavu, halafu la watu. Boti, mashine na wavu vikiwa vya mtu mmoja, mafungu matatu yanaingia mfuko mmoja. "Wavu haulali njaa," mzee akasema. "Sisi ndio tunalala."

Na kuna usiku wa hasara, ambapo gharama inazidi samaki. Hasara hiyo haifutwi; inaandikwa. Baharia anaanza usiku wa pili akiwa na deni la usiku wa kwanza, na ndiyo maana hawezi kuhama boti hata akiona nyingine ina bahati zaidi. Hili nalijua kwetu pia. Tofauti ni kwamba bahari yetu haina mpaka wa karibu hivyo. Kenya ina asilimia 6 tu ya ziwa hili, lenye zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Tanzania na Uganda zimegawana sehemu iliyobaki. Mvuvi wa Muhuru anayefuata samaki huvuka mstari asiouona, na doria ikimkamata mashine inazuiliwa. Migingo, mwamba usiofikia ukubwa wa uwanja wa mpira, uliozozaniwa na Kenya na Uganda hadi mzozo ukapamba moto mwaka 2009, si kituko kwa watu wa hapa. Ni kambi ya kazi. Wanaume huenda huko kufuata mbuta, samaki mkubwa wa ziwa hili, na wanachokizungumza zaidi ni ada na faini. Bendera huitaja mara chache.

Alfajiri ndipo nilipopata jibu la swali langu, au sehemu yake. Wanawake walikuwa wameshajipanga kabla hakujapambazuka, kila mmoja na karai, leso mbili, na pesa. Pesa zilikuwa zimefungwa kwenye ncha ya leso au zimo kwenye simu, lakini lazima ziwepo. Mashua zilipokaribia, wengine waliingia majini hadi kiunoni kwenda kuzipokea. Omena walikuwa wamejaa katikati ya mashua, kijivu na fedha, bado wanarukaruka juu juu. Kijana alichota kwa ndoo akamimina karaini, akapangusa juu kwa kiganja ili karai lisizidi, na mama akamshika mkono ili lisipungue. Ugomvi wote wa bei ulikuwa kwenye kile kiganja. Bei yenyewe ilikuwa imeshapangwa. Kilichobaki ni kama karai linajaa au linakuwa mlima.

Mwenye pesa ya alfajiri alinunua bei ya alfajiri. Asiyekuwa nayo alisimama pembeni, akangoja mwenzake ajaze, kisha akamwomba amuuzie nusu karai kwa bei iliyopanda, au amlipe kwa kumbebea hadi mahali pa kuanika. Samaki walewale, kabla jua halijachomoza, wameshapitia mikono mitatu. Yule mama wa kwenye Probox nilimwona mbele kabisa; karai lake la kwanza lilikuwa mlima.

Kuanika ni kazi ya kuinama. Nyavu kuukuu zinatandazwa chini, omena wanamwagwa na kusambazwa kwa mikono hadi kila mmoja awe peke yake, na kila baada ya muda wanageuzwa. Watoto na bibi wanafukuza kunguru na kuku. Jua likiwa kali, jioni ya siku ileile wamekauka na wanalia wakishikwa. Mvua ikinyesha saa nane mchana, kila kitu kinabadilika: omena wanalowa, wanakuwa wekundu, na bei yao inakuwa ya chakula cha kuku. Sehemu kubwa ya omena wa ziwa hili huishia kwenye viwanda vya chakula cha mifugo hata mvua isiponyesha, maana mwenye kiwanda ananunua magunia na analipa papo hapo. Nilimuuliza binti mmoja kwa nini wasijenge vichanja, samaki wakaanikwa juu bila mchanga. Akanitazama kwa huruma. "Mbao ni za nani? Na kiwanja ni cha nani?" Anapoanika analipia mahali. Hata jua, kwa namna fulani, linakodishwa.

Kutoka Muhuru nilipanda hadi Sori, mji wa bandari ya Karungu, nikala huko chakula ambacho sijakisahau: omena waliokaangwa hadi wakakauka, kisha wakarudishwa motoni na nyanya na maziwa, na kuon, yaani ugali, wa mtama na muhogo, mweusi na mzito. Sisi watu wa pwani tuna tabia ya kuwadharau dagaa wa maji baridi. Tunakosea.

Karungu ndiko nilikoanza kuona kuni. Zimepangwa kando ya barabara, mafungu kwa mafungu, na nyuma yake vilima vya Gwassi, vilivyobaki na miti kileleni na mabonde tu. Hii ni habari ya samaki, si ya misitu. Waingereza walipompandikiza mbuta katika ziwa hili miaka ya 1950, walitaka samaki mkubwa badala ya fulu, wale samaki wadogo wa mamia ya aina waliokuwa chakula cha kila nyumba. Mbuta alikaa kimya kwa muda, kisha miaka ya 1980 akajaa ghafla, na fulu wengi wakatoweka, wengine bila kuwahi kupewa jina. Fulu alikauka kwa jua. Mbuta ana mafuta mengi, jua halimwezi. Anataka moshi au karai la mafuta linalochemka, na vyote viwili vinataka kuni. Samaki mmoja alibadilika majini, vilima vikapungua miti. Anayekwenda kuzitafuta kuni hizo ni mwanamke, na kila mwaka anakwenda mbali zaidi.

Viwanda vya minofu vilipokuja, mwanamke huyo akapoteza hata mbuta mwenyewe. Kiwanda kina lori la barafu ufuoni na kinamkopesha mwenye boti mashine na nyavu. Mbuta mzuri tayari ni wake. Minofu ikaenda Ulaya, na kilichorudi sokoni ni kichwa na mifupa, kile wanachokiita mgongo wazi, kinachokaangwa na kuuzwa kwa wasiomudu nyama. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipofunga mlango kwa samaki wa ziwa kwa hofu ya sumu iliyokuwa ikitumika kuvulia, bei ufuoni ilianguka, na kwa kitambo watu wa ufuoni wakala minofu. Mzee wa Sori aliyenisimulia hayo alicheka hadi akakohoa. Sasa mbuta wamepungua, na kinachotafutwa zaidi ndani yao ni kibofu cha hewa, ambacho wenzetu wa Tanzania hukiita bondo. Kinakaushwa na kupelekwa China. Niliona kimoja, manjano na kigumu mithili ya kwato, mwenyewe amekifunga kwenye karatasi na kukiweka mfuko wa ndani wa koti.

Katika ufuo mmoja baina ya Karungu na Mbita, ambao sitautaja, nilikaa na wanawake waliokuwa wakichambua omena, na mazungumzo yakafika kwenye jaboya. Kila mtu huku anajua maana yake: mchuuzi anakuwa na mvuvi wake, anampikia, anamfulia, analala naye, na mvuvi anamhifadhia samaki. Nje ya hapa watu wamelipa jambo hili jina moja la aibu, samaki kwa ngono, na wakaishia hapo. Wao walilizungumza kama wanavyozungumza habari za bei. Mkubwa wao, mjane, alisema: "Mwanangu, ukiwa na pesa mkononi hakuna anayekuuliza mume wako nani. Ukikosa, ndipo anapokuuliza." Mwingine, mdogo, hakukubali. Alisema wako wenye pesa na bado wanaambiwa samaki wamekwisha hadi wakubali. Walibishana kwa Kidholuo kwa muda mrefu na mimi nikaachwa nje, na ilikuwa sawa niachwe.

Hesabu ya jambo hili imo kwenye takwimu za nchi. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 uliikuta Homa Bay na virusi vya Ukimwi kwa karibu mtu mzima mmoja katika kila watano, asilimia 19.6, mbele ya kaunti zote. Migori ilikuwa na asilimia 13, na Kenya nzima 4.9. Si jaboya peke yake. Kuna uhamaji wa wavuvi wanaofuata samaki ufuo hadi ufuo, kuna mila, kuna umbali wa zahanati. Lakini dawa waliyoifikiria wanawake wenyewe inaonyesha walikoliona shina lake. Huko Nduru, upande wa Kisumu, mwaka 2011 wanawake walianza kumiliki mashua zao na kuajiri wavuvi wanaume, mpango ukaitwa kwa Kiingereza No Sex for Fish. Mwenye boti hahitaji jaboya. Mashua zilichakaa, kisha mafuriko ya 2020 yakaja na kuifunika Nduru. Wale niliokaa nao wanalijua jambo hilo kutoka mwanzo hadi mwisho, na chama chao kinaweka pesa za mzunguko kila wiki kwa ajili ya mashua. Niliuliza wamefika wapi. Wamefika kwenye nyavu. Chombo bado.

Kutoka Sindo barabara inakupa ziwa upande wa kushoto, na ndani ya ziwa unaona mistari ya vizimba, duara na miraba, inayoelea kwa utulivu wa kiserikali. Humo wanafugwa sato, ambao hapa wanaitwa ngege, japo ngege wa asili ni samaki mwingine aliyekaribia kwisha zamani. Hapo kwenye ufuo wa Roo ndipo ilipoanzia kampuni ya Victory Farms, na samaki wake sasa wanauzwa mbali sana na ziwa. Kwa mchuuzi, kizimba kina raha yake: samaki yupo kila siku, mwezi uwepo usiwepo, kapimwa kwenye mizani, na huhitaji kujuana na mtu. Baada ya Wakenya kulalamika sana mwaka 2018 juu ya samaki wa barafu kutoka China waliojaa masokoni, si jambo dogo kuwa na ngege wa kwetu wa bei inayokaribiana. Kwa mvuvi mdogo ni habari nyingine. Mahali penye kizimba hatupi wavu, na mahali pazuri pa kizimba, penye kina na kivuli cha upepo, ndipo alipokuwa akivulia. Mwishoni mwa mwaka 2022 samaki wengi wa vizimba walikufa sehemu kadhaa za ziwa, maji ya chini yasiyo na hewa yalipopanda juu, na wapo waliopoteza akiba yote kwa usiku mmoja. Ziwa halikutofautisha mwenye kampuni na kikundi cha vijana. Benki ilitofautisha.

Mbita sikukaa sana. Ni mji wa shughuli, umesimama kwenye mlango wa ghuba, na daraja la kisiwa cha Rusinga lililojengwa muongo wa 2010 limechukua nafasi ya tuta la miaka ya 1980 lililokuwa limeuziba mlango huo, maji yakawa hayapiti vizuri. Nilivuka, nikalizuru kaburi la mwanasiasa Tom Mboya lenye umbo la risasi, nikaona vilima vya Rusinga vilivyo vitupu, nikarudi kupanda mashua ya Mfangano.

Mfangano ni kisiwa cha Wasuba, mlima uliosimama majini na mawingu yake mwenyewe. Lugha yao, Olusuba, imemezwa na Kidholuo kiasi kwamba wazee wanaoijua vizuri wanatafutwa. Iko redio ya kisiwani, Ekialo Kiona, inayoitangaza. Nilichokipenda Mfangano ni kwamba watu hawana kiburi cha uvuvi. Nyumba niliyolala, baba alikuwa mvuvi wa mbuta kwa ndoano, mama ana shamba la mahindi na mihogo mteremkoni, mtoto mkubwa ana pikipiki, na shangazi anasuka. Mwezi ukiwa mkubwa, samaki wakakosekana, kuna muhogo. "Anayesema anategemea ziwa," mama mwenye nyumba aliniambia akimenya, "ni yule aliyenyang'anywa shamba." Pengine ametia chumvi. Lakini wale waliokuwa na shida kubwa zaidi njiani kote walikuwa ni wale waliokuwa na ufuo tu: wajane waliofukuzwa kwa wakwe, vijana waliotoka mbali, watu wa visiwa vidogo kama Remba, ambako mabati yamegusana na hakuna hata pa kuotesha sukuma wiki.

Nilirudi bara na kuingia Homa Bay kwa barabara, chini ya ule mlima wa Asego uliochongoka nyuma ya mji. Nje kidogo ya mji, ufuoni, kuna mafunjo, na nilimkuta mwanamke akiyakata. Alikuwa ndani ya maji hadi mapajani, panga mkono wa kulia, mkono wa kushoto unashika shina na kulilaza. Anakata chini kabisa ili lichipue upya, anatupa kichwa chenye manyoya, anafunga mzigo kwa funjo lenyewe. Baadaye yataanikwa na kusukwa jamvi, la kulalia au la kuweka darini. Nikamuuliza mafunjo ni ya nani. Akafikiri. Akasema ni ya Mungu, kisha akaongeza kwamba hatari za kuyakata anazibeba yeye peke yake: ruba, chatu, kiboko, na kichocho, ambacho watoto wake wote wameshatibiwa. Huyu alikuwa mtu wa kwanza katika safari yote aliyenionyesha kitu cha ziwa anachokichukua bila ya kumlipa mtu, na jamvi lake, kazi ya siku nzima na zaidi, linauzwa bei ya chini kuliko karai la omena. Kisicho na mwenyewe hakina bei. Wenye matrekta wanayapenda mafunjo kwa sababu hiyohiyo: yakifyekwa na kuchomwa, chini yake kuna udongo mweusi wa mboga, na hapo ghafla mwenyewe anapatikana.

Sokoni Homa Bay omena wanapimwa kwa kopo la gorogoro. Nilimtafuta mchuuzi mwenye omena wa Muhuru ili nione wamefika kwa bei gani, na nikampata mama mmoja mnene, mcheshi, ameketi juu ya kigoda nyuma ya magunia. Walikuwa wamepanda mara mbili na zaidi. Akanifungulia hesabu yake bila kinyongo: karai, kuanika, gunia, boda, matatu, kibali, kiwanja, na omena waliovunjika ambao hakuna anayewanunua ila mwenye kuku. Faida yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani. Alipojua nimetoka Mombasa akaacha kupima.

"Nyar Mombasa, binti wa Mombasa, huko mnakula omena?"

Nikamwambia tunakula, watu wa bara wamejaa Mombasa, na hata Waswahili wenyewe wananunua kimya kimya. Kwamba soko lake ni Kongowea, na kwamba nina binamu mwenye duka la dagaa hapo. Akauliza gunia linafikaje. Nikamweleza mabasi ya usiku. Akauliza nauli ya gunia. Sikuijua, akampigia mtu simu palepale akaijua. Akafanya hesabu kwa kidole juu ya paja, midomo inakwenda, akarudia mara ya pili. Aliridhika na nauli, akaridhika na bei, akaridhika hata na binamu kuwa mwanamume. Kisha akaninyooshea kidole.

"Huyo binamu yako. Gunia likifika analipa hapo hapo, au ni wale wa kusema niuze kwanza?"